Ufukwe wa Lamadi Usifungwe

Wapo watu, na baadhi yao ni watumishi wa umma wenye madaraka, wanaoamini kwamba mtu aendaye ziwani bila wavu, bila ndoo na bila nguo za kufua ni mvivu. Akiulizwa aendako, naye akajibu kwamba anatembea tu, hutazamwa kama mgonjwa. Safu hii yaona kinyume. Twadai kwamba nafasi ya kutembea kando ya Ziwa Victoria ni mali ya kila mwananchi, na kwamba pale Lamadi mali hiyo inapotea mbele ya macho yetu.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, hufikiriwa na wengi kuwa mkoa wa pamba, ng'ombe na vumbi. Makao yake makuu, Bariadi, yako mbali na ziwa. Lakini wilaya moja, Busega, yagusa maji ya Ghuba ya Speke, na ndani yake umo mji mdogo wa Lamadi, mahali ambapo barabara ya lami itokayo Bariadi, kilometa zipatazo 70, inakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ng'ambo ya ghuba ni Ukerewe. (Ghuba yenyewe yaitwa kwa jina la Mwingereza aliyelitazama ziwa hili mwaka 1858, kana kwamba Wakerewe na Wasukuma walikuwa wamefumba macho hadi siku hiyo.) Kwa hiyo tunapousema ufukwe wa Lamadi, ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba twasema habari za wengine. Maji ni yale yale, na yanayotokea upande huu yatatokea Nansio, kama hayajatokea.

Mwandishi huyu ana desturi ya kushuka ziwani kila apatapo wasaa wa kufika Lamadi, jua likiisha kupanda kidogo. Si safari kubwa. Ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na haraka. Wa kwanza kuonekana aghalabu ni mnandi, ndege mweusi, amesimama juu ya nguzo ya mtumbwi huku ametandaza mbawa zake kama mtu aanikaye shuka. Manyoya yake hulowa apigapo mbizi, na hana budi kuyakausha kabla ya kuzama tena. Yangeyange weupe hufuata ng'ombe waliokuja kunywa. Kwarara huchokora matope kwa mdomo uliopinda. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, hukaa juu ya mti mrefu na kupiga ukelele ambao kila mvuvi wa ziwa hili anaujua tangu utotoni.

Kisha yupo mdiria, yule mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye husimama hewani akipiga mbawa upesi upesi, halafu hujitupa majini kama jiwe. Watu wengi humwona kila siku wasimfikirie. Watafiti waliowachunguza ndege hawa katika ziwa hili upande wa Kenya waligundua jambo la ajabu: jozi ya mdiria hupokea madume wengine wasio ndugu zao, ambao huwasaidia kuvua na kulisha makinda. Katika Ziwa Naivasha, ambako kuvua ni kwepesi zaidi, wasaidizi wa namna hiyo hawapokewi kwa urahisi. Ziwa letu lina mawimbi, samaki hawapatikani kwa wepesi, na ndege wamejifunza kuajiri. Mvuvi wa Ukara hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Yupo pia fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa mfano wa nyundo, ambaye kiota chake cha vijiti na matope ni kikubwa na imara hata chaweza kubeba uzito wa mtu. Kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili huja mbayuwayu kutoka Ulaya. Kuna siku ambazo wadudu wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi wa treni, na mgeni hudhani kuna moto huko mbali, nao mbayuwayu huingia katika wingu lile wakila hadi jioni. Kenge hupita kati ya mawe. Ukivumilia, na bahati ikiwa yako, utamwona fisi maji.

Hayo yote hayana kiingilio. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko karibu, lango la Ndabaka li jirani na Lamadi, na watalii hupita katika mji huo kila siku wakielekea huko. Lakini mtoto wa Lamadi aliyezaliwa kando ya lango hilo aghalabu haingii. Ufukwe ndio hifadhi yake.

Safari ya mwisho mwandishi huyu alifika mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na njia ya miguu kati ya mafunjo, akakuta ukuta na seng'enge vikiingia hadi majini. Akina mama wawili waliokuwa na ndoo walikuwa wakizunguka kwa nyuma, mwendo mrefu, ili wafike maji yale yale. Aliyejenga hatumtaji, kwa kuwa kosa si la mtu mmoja. Palipo na ukuta mmoja leo, mwakani patakuwa na minne, na mafunjo yote yatakuwa yamefyekwa ili mandhari ionekane vizuri kutoka barazani.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuyadhuru mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Meta 60 si nyingi. Ni zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Lakini zatosha kuwa na njia ya miguu, mafunjo, miti ya furukombe na mahali pa kuvuta mitumbwi. Zatosha pia kwa jambo jingine ambalo wajenzi hulisahau: ziwa hupanda. Baada ya mvua za mwaka 1961 hadi 1964 lilipanda kwa zaidi ya meta mbili. Mwaka 2020 lilipanda tena kiasi cha kuingia nyumba na mialo pande zote za ziwa. Ziwa halisomi hati za viwanja.

Wala fikra ya kutenga ardhi si ngeni katika Usukuma. Wazee wetu walikuwa na ngitili, yaani eneo lililofungwa wakati wa masika ili malisho yasitawi, likafunguliwa wakati wa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986 haukuleta dawa kutoka ng'ambo. Ulifufua ngitili, na ulipomalizika mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti na majani, na Bariadi, Maswa na Meatu za leo zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Twauliza: wananchi walioweza kutenga maelfu ya hekta kwa ajili ya ng'ombe watashindwaje kutenga ukanda wa meta 60 kwa ajili ya watu?

Yasemwa kwamba matembezi ni anasa ya wenye nafasi. Mwenye nafasi hahitaji njia ya umma. Ana gari la kumpeleka mbali, na sasa ana ukuta wake mwenyewe pale ufukweni. Anayeihitaji ni mwalimu, mshona viatu, mama aliyejifungua, mzee aliyeambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu lake lataka atembee. Katika lugha yetu kutembea ni kuzuru pia, na mtu akienda ufukweni jioni hukutana na jirani ambaye hajamwona mwezi mzima. Hoja ya viboko na mamba ni ya kweli zaidi. Kiboko hutoka usiku kulisha, hivyo njia itumike mchana tu, na palipo na makao yao iwekwe mbali na maji. Kichocho nacho kipo: watu watembee, wasichezee maji, na vyoo vijengwe kabla ya mabenchi.

Miji mingine ya ziwa hili imeliona jambo hili zamani. Entebbe ina bustani ya mimea ya tangu mwaka 1898. Kisumu ilitenga kipande cha ufukwe kuwa hifadhi ya swala pala mwaka 1992. Mwanza ina kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Lamadi haihitaji makuu kama hayo. Yahitaji njia ya udongo, isiyo na saruji, inayotoka mwalo mmoja hadi mwingine.

Twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Busega ifanye kazi hii mwaka huu, na ofisi ya mkoa pale Bariadi iisimamie, kwa maana Bariadi nayo ina haja na maji hayo: mradi wa kuyavuta kutoka Busega hadi makao makuu ya mkoa ulikubaliwa fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, na mafunjo yanayofyekwa ndiyo yanayochuja matope yasiingie ziwani. Vikundi vya wavuvi vinavyolinda mialo vipewe pia ulinzi wa njia. Viongozi wa Ukerewe nao wasingoje yawafike. Huko ardhi ni finyu zaidi, na sato wachanga hujificha katika majani yale yale ya ukingoni.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Yahitaji mpima ardhi mmoja, kamba, vigingi vya zege, wenyeviti wa vitongoji kama mashahidi, na siku chache za kiangazi kabla mvua za Novemba hazijaanza.