Daftari la Wiki: Mwendo Kasi Unakula Nini

Rusumo, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mto Kagera, harufu ya lainingi zilizopata moto humfikia mtu kabla ya lori lenyewe. Dereva mzoefu ameshaingiza gia nzito tangu kileleni, injini ndiyo inayomshikia mzigo, na breki anaigusa kidogo kidogo. Mgeni wa njia anashuka na gia nyepesi huku breki ameikanyaga tangu juu, na akifika kwenye foleni ya mpakani magurudumu yanafuka moshi. Wote wawili wamefika salama, lakini mmoja ameacha fedha mlimani, na tajiri wake ataziona kwenye hesabu za mwezi.

Harufu hiyo nimeiwaza wiki nzima, kwa sababu kijana mmoja wa Biharamulo ameniomba nimweleze ni gari gani la mwendo kasi lisilo na gharama kubwa kwa mtu anayetaka kulikimbiza uwanjani. Bei ya kununulia anayo. Alichoniuliza ni kile kinachofuata baada ya kununua, na nampongeza, kwa maana wengi huuliza baada ya gari kusimama.

*

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari likienda kilomita 120 kwa saa, joto la kulisimamisha ni mara nne ya lile la kilomita 60, wala si mara mbili. Uzito nao unahesabiwa: gari likizidi mwenzake uzito kwa nusu, joto nalo linazidi kwa nusu. Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5, ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa haifiki tani moja. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ina kilo zaidi ya 1,700. Ziweke kwenye kona moja kwa mwendo uleule, GT-R inazipa pedi na diski zake joto linalokaribia mara mbili. Tena haifiki konani kwa mwendo uleule, inafika kwa kasi zaidi.

Ndiyo maana wanaoendesha viwanjani kwa fedha zao wenyewe, huko Ulaya na Japani, wameipenda Roadster miaka yote hii. Nguvu zake ni za kawaida, tairi zake ni ndogo na rahisi kupata, na pedi zinadumu. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 barabarani linaweza kufika lita 25 au 30 uwanjani, lakini kwa kawaida si mafuta yanayomfilisi mtu. Vinavyomfilisi ni tairi na breki.

*

Kuna chupa moja dukani ambayo kila dereva wa milima hii anapaswa kuijua vizuri: oili ya breki. Ile ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewani, polepole, hata ikiwa ndani ya gari, na ikishanyonya vya kutosha kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa kirahisi, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kushika. Kagera mvua zinanyesha misimu miwili kwa mwaka, na chupa iliyofunguliwa hukaa rafuni wiki kadhaa ikisubiri mteja wa pili. Nunua iliyofungwa, ibadilishe yote badala ya kuongezea tu, na chupa iliyobaki nusu usiirudishe kwenye breki za gari lolote unalolipenda. Katika vitu vyote vinavyobadilishwa kabla ya siku ya mashindano, hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika.

*

Nyakanazi, kwa wauza tairi za mtumba. Subaru Impreza ya bluu imeinuliwa kwa jeki, tairi ya nyuma kushoto imepasuka ubavuni. Fundi anachagua moja kwenye lundo, namba za ubavuni zinalingana, anaisifu. Mwenye gari anainama, anaingiza kucha kwenye mifereji ya ile tairi, kisha anakwenda kuingiza kucha kwenye tatu zilizobaki. Anatikisa kichwa.

Yuko sahihi. Gari lile linavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Tairi moja ikiwa na kashata nene kuliko wenzake, duara lake ni kubwa, inazunguka taratibu kuliko zile tatu, na difu ya katikati haipati mapumziko hata gari likienda moja kwa moja. Linaanza kama mlio mdogo, linaishia kwa gia boksi kushushwa. Kwa hiyo tairi moja ikipasuka, mwenye Subaru anahesabu bei ya nne, au atafute moja iliyolika sawasawa na nyingine. Toyota Altezza, inayovuta kwa nyuma tu, inataka jozi. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye tangazo la gari, nami naiona ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya kununulia.

Zipo nyingine. Injini ya Subaru kama ile imelala, plagi zimetazama ubavuni karibu na chesisi, na kuzifungua kunachukua muda ambao fundi atautoza. Taiming belti yake hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Lakini niitendee haki. Milima ya Ngara inapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Yenye turbo inasukumiwa hewa, haihisi sana. Anayeipenda Impreza yenye turbo kwa sababu ya mlima ana sababu ya kweli, mradi ajue kwamba turbo inataka oili safi, ibadilishwe mapema, na injini iachwe ingurume kidogo baada ya kazi nzito ndipo izimwe.

*

Watu wanaozungumzia Safari Rally siku hizi huanza na Toyota, na si ajabu: mwaka 2022 na 2023 zilichukua nafasi zote nne za kwanza pale Naivasha. Mimi narudi nyuma zaidi. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 yalianza magari 88, yakamaliza tisa. Yalikuwepo yenye kasi kuliko 404, yakabaki njiani na vyuma vilivyokatika. Gari lile lile, kwa umbo, lilikuwa likibeba abiria na mizigo vijijini kote Afrika Mashariki, spea zake zikijulikana kwa kila fundi. Nalihesabu hilo kuwa sehemu ya ushindi.

*

Jambo la mwisho ni bima. Nürburgring, Ujerumani, ile njia ndefu ya kilomita 20 na ushei, mtu yeyote mwenye gari halali hulipa na kuingia. Akigonga kingo za chuma analipia matengenezo ya kingo hizo na gari la kumvuta, na bima nyingi hazimfuati huko. Hapa kwetu bima ndogo hulipa hasara ya wengine tu, na hata bima kubwa kwa kawaida ina kifungu kinachoyatoa mashindano ya mbio. Kifungu hicho kiko ndani kabisa ya karatasi, kwa maandishi madogo. Kisome kabla ya kulipa, na kama hukielewi mwombe wakala akuelezee kwa Kiswahili.