Barazani kwa Wenye Nyumba: Hema Nyuma ya Pikipiki

Mwezi uliopita ukurasa huu ulikosa maneno yetu, na wengine wenu mmeuliza kama tu wagonjwa. La, tu wazima. Tulikuwa njiani, sisi na mama wa nyumba yetu, tukitoka Morogoro kwenda Njombe kwa pikipiki, siku 12 kwenda na kurudi, na hema limefungwa nyuma. Na kwa kuwa majirani wengi walituona tukiondoka, wakacheka, yafaa tueleze sababu.

Njia ile twaijua tangu zamani. Basi litokalo Morogoro asubuhi hufika Njombe siku hiyo hiyo, wala hatulisemi vibaya, maana limetupeleka katika misiba mingi na harusi chache. Lakini basi lina tabia moja: hupita milangoni pa watu wako wala haligeuzi kichwa. Pale Ilula, kando ya barabara, akaa dada yetu mkubwa, auzaye nyanya na vitunguu. Tangu tulipooana, miaka 22 sasa, tumempungia mkono dirishani, naye, beseni kichwani, hutufuata hatua tatu nne, kisha vumbi humfunika. Hayo ndiyo tuliyoyaita kuonana.

Basi mwaka huu mama wa nyumba alisema, "Twende kwa chombo kinachosimama." Na habari ya hema nayo ilikuwa shauri lake. Ninyi nyote mwajua jinsi ilivyo mgeni afikapo usiku katika nyumba ya vyumba viwili: watoto huamshwa, hutolewa kitandani, hulazwa chini, nao asubuhi humwangalia mgeni kwa jicho lisilo la salamu. "Tukibeba malazi yetu," akasema, "hakuna mtoto atakayemchukia mjomba wake."

Pikipiki yetu ni ile ya kazi, ndogo, kama zile za vijana wa bodaboda. Kwa hiyo mizigo ilipimwa kwa ukali: hema la watu wawili, mkeka, mablanketi mawili, sufuria moja, pampu na vifaa vya kuzibia pancha, na vitenge vitatu vya zawadi. Vitabu vyetu vilirudishwa kabatini na mtu asiyetuuliza. Kofia ngumu tulivaa wote wawili. Na kwa kuwa upepo hula maneno, tulipatana ishara: kupigwa begani mara moja ni kupunguza mwendo, mara mbili ni kusimama. Twapenda wenye nyumba wajue kwamba mtu aketiye nyuma huona mengi kuliko ashikaye usukani, na ya kwamba katika safari ile bega letu la kushoto lilipata kazi kubwa.

Barabara hukata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kadiri ya kilomita 50. Abiria wa basi hutazama twiga kama atazamaye picha ukutani; mtu wa pikipiki hana ukuta. Tulipita mchana, maana jioni wanyama huvuka zaidi, na hata hivyo tulipigwa begani mara mbili. Tembo watano walikuwa wakivuka pasipo haraka yoyote. Tulijificha nyuma ya lori moja hata wakaisha, na dereva wake akatuuliza kama tumerogwa.

Usiku ule tulilala Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu. Hema halipigwi kijijini kama kuku atagavyo, po pote apendapo. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akaandika majina yetu, akatupa mahali karibu na nyumba yake. Kesho yake tulipanda Kitonga, ambako malori hupanda mlima kwa kuugua, kona baada ya kona, tukafika Ilula kabla ya chakula cha mchana.

Dada alilia, akacheka, akachinja. Kisha alipoona hema likifunguliwa uani, uso wake ukabadilika. "Je, nyumba yangu ina kunguni?" Tulimweleza habari ya watoto na kitanda. Akasema, "Mgeni ajaye na kitanda chake ni mchuuzi. Miaka yote nimewangoja mlale kwangu, nanyi mnalala nje kama mbuzi!" Wala hakuwa akifanya mzaha. Wasomaji, neno hili twawaomba mlifikiri, maana tulikuwa tumejihesabu wema kwa kutomlemea, naye alitaka kulemewa. Shauri likakatwa na mama wa nyumba: yeye akaingia ndani, akalala na wifi yake kitanda kimoja, na mazungumzo yao yakasikika hata jogoo wa kwanza. Kumbe watoto, ambao hema lililetwa kwa ajili yao, walitoka wenyewe wakagombania kulala humo. Tulilala watu watano katika hema la wawili.

Tulikaa siku mbili. Iringa tulipita, Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill, tulilala mara moja na kuwasha moto mdogo kwa ruhusa. Makambako tukaacha barabara ya Mbeya, tukashika ya Njombe.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka bahari, na baridi ya mwezi wa Julai huko haihitaji kuelezwa kwa aliyepata kunawa uso alfajiri. Mama mkwe wetu akaa peke yake katika kijiji cha pembeni. Yu mzee, umri wake wapita miaka 80, na wanawe wanataka kumhamishia mjini. Hapa hema lilipokewa kwa shukrani, maana kwa desturi yao mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe, na safari zote za nyuma tulilala kwa jirani. Mama alilizunguka hema, akalibonyeza kwa fimbo, akasema ni nyumba ya adabu.

Siku ya pili akamwambia bintiye haja yake. Ana dada, mkubwa kwake, aishiye ng'ambo ya bonde. Hawajaonana miaka minne. Basi haliendi huko, miguu imekataa, na vijana wa bodaboda awaogopa kwa mbio zao. Alitaka kupelekwa kwa pikipiki yetu.

Mama wa nyumba hajui kuendesha. Watatu hawapandi pikipiki moja, sheria yakataza. Maana yake ni kwamba mkwe amchukue mama mkwe mgongoni pake. Shemeji yetu mkubwa alisimama akasema jambo hilo halijapata kuonekana katika ukoo wao. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa hapakuwa mahali petu pa kusema. Mama akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema, "Mgongo huu umemleta binti yangu kutoka Morogoro. Nipeni kitenge." Akakikunja mara nne, akakisimamisha katikati ya kiti. "Huu ndio ukuta. Twende."

Tulikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na bintiye akatufuata kwa pikipiki ya kukodi. Watu waliacha majembe wakatutazama. Mama alishika keria kwa mikono miwili, wala hakutugusa. Lakini tulipoanza kushuka bondeni, penye udongo mwekundu utelezao, tuliona mkono wake umekuja juu ya bega letu, ukatulia hapo. Hatukusema neno, wala yeye hakusema.

Yule dada haoni tena. Alisikia "Kamwene" mlangoni, akajibu kwa kugomba: mbona umenitupa? Naye mama akagomba vile vile: na wewe je? Walishindana hivyo kwa muda mrefu, wameshikana mikono. Tulipiga hema pembeni, tukakaa siku mbili, na wale wazee hawakutuhitaji kwa lo lote ila kuni.

Habari ya kuhamia mjini haijaisha. Shemeji bado ashikilia, na sababu zake si za upuuzi: usiku mama akiugua, nani atasikia? Mama naye amemwuliza kitu kimoja tu, ni njia gani itokayo mjini kufika kwa dada yake. Kwa sasa shemeji amekubali kumtafuta kijana mpole, mwenye pikipiki, ampeleke mama ng'ambo mara kwa mara. Kitenge tumekiacha huko kwa kazi hiyo.

Katika wale majirani waliocheka, wawili wamekwisha kuja kuazima hema. Waje tena Jumamosi, litakuwa limekauka. Pikipiki hatuazimi.