Ujerumani na Uturuki: koli inapita kwa posta, krimu inarudi katika valizi

Mkaaji wa Berlin anaweza kuagiza gauni Istanbul kwa simu na kulipokea mlangoni bila kuonana na mtu wa duane. Lakini mwanamke wa Izmir akitaka krimu ya uso kutoka duka la Ujerumani, njia hiyo imefungwa: Uturuki hairuhusu vitu vya urembo kuingia kwa posta. Atangoje shangazi yake arudi likizo.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba biashara ya mtandaoni haijui mipaka. Kati ya inchi hizi mbili, mpaka ndio unachagua bidhaa gani itapendwa.

Chanzo ni mkataba wa tarehe 30 mwezi wa kumi 1961, ambapo Ujerumani Magharibi iliomba wafanyakazi kutoka Uturuki. Leo watu wenye asili ya Kituruki nchini Ujerumani wanakadiriwa kuwa karibu milioni tatu. Hao ndio wateja wa kwanza wa gauni ndefu na vitambaa vya kichwa, wa taulo za Denizli, na wa birika mbili za chai zinazopandana pamoja na glasi zake ndogo. Trendyol, duka la mtandaoni lililoanzishwa Istanbul mwaka 2010 na ambalo Alibaba ya China ina hisa ndani yake, lilifungua ofisi Berlin mwaka 2022. Wajerumani wasio na asili ya Uturuki nao wananunua huko, kwa sababu ya bei.

Bei hiyo ina historia yake. Mwanzoni mwa 2020 euro moja ilikuwa chini ya lira 7. Mwisho wa 2024 ilipita lira 36. Aliye na euro aliona Uturuki kama soko la bei ya chini. Tusidanganyike lakini: mwezi wa tano 2024 bei za ndani ya Uturuki zilikuwa zimepanda kwa asilimia 75 katika mwaka mmoja. Kitambaa, mshahara wa fundi, umeme, vyote vilipanda, na faida ya mwuzaji ikapungua.

Chakula ni jambo lingine. Soseji ya sucuk na jibini nyeupe haviwezi kutumwa kwa koli, maana Umoja wa Ulaya unakataza nyama na maziwa kutoka inchi nyingi za nje, Uturuki ikiwa mojawapo. Ndiyo maana kampuni kama Egetürk inatengeneza sucuk palepale Köln tangu 1966.

Upande wa kurudi ndio mgumu. Tarehe 6 mwezi wa nane 2024 serikali ya Ankara ilitangaza kwamba kiwango cha koli ya mtu binafsi kinashuka kutoka euro 150 hadi 30, na kodi inakuwa asilimia 30 kwa vitu vya Umoja wa Ulaya, asilimia 60 kwa vya kwingine. Shabaha ilikuwa hasa bidhaa za China, lakini aliyetaka viatu vya mtoto kutoka Ujerumani alipigwa pia. Simu ni mbaya zaidi. Haiingii kwa posta, na anayeileta mkononi aliombwa mwaka 2025 zaidi ya lira 45.000 kwa kuiandikisha, kama euro 1.200 kwa bei ya mwanzo wa mwaka ule. Asipolipa, inakatwa kwenye mtandao baada ya siku 120.

Na bado Uturuki iko katika umoja wa forodha na Ulaya tangu 1996! Kiwanda cha Ujerumani kinapeleka mashine huko bila ushuru wa forodha, lakini mama wa Ankara hana njia hiyo. Umoja ule uliandikwa kwa wafanyabiashara wenye makaratasi, wakati hakuna aliyewaza koli ya mtu mmoja.

Sasa hofu inaweza kuhamia Istanbul. Mwezi wa tano 2023 Komisheni ya Ulaya ilipendekeza kufuta msamaha wa ushuru kwa koli zisizozidi euro 150. Hapo pia China ndiyo ilikuwa inatazamwa. Bidhaa ya kiwanda kutoka Uturuki inaweza kuingia bila ushuru kwa cheti kinachoitwa A.TR. Kampuni kubwa ina watu wa kushughulikia makaratasi hayo. Fundi wa Denizli anayeuza taulo mbili kwa wiki atakijaza kwa kila koli?