Manifoldi ya mjomba: tukarabati au tutupe?

Basi bwana, wiki mbili zilizopita nilikuwa Morogoro. Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kumsalimia mjomba. Nikakuta Bedford lake limeegeshwa chini ya mwembe, silinda hedi imefunguliwa, na utingo amelala kwenye bodi mchana kweupe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwandishi. Umekuja kuandika tanzia?"

Kwa wale ambao hamyajui haya malori: Bedford yalitengenezwa Uingereza na kampuni ya Vauxhall, iliyokuwa mali ya General Motors, kuanzia mwaka 1931. La mjomba ni lile la pua, TJ, mtindo uliotoka mwaka 1958. Injini ni ya petroli, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Hubeba mchanga na matofali, safari fupi fupi za mjini. Usilicheke. Ada za shule za binamu zangu wawili zimetoka kwenye bodi hilo.

Ugonjwa ulianza na ufa. Kuna kipande cha chuma cha kumimina kinachotoka kwenye kabureta na kugawa mchanganyiko wa hewa na petroli kwenda kila silinda. Mafundi wanakiita manifoldi. Kwenye injini nyingi za zamani kama hii, manifoldi ya kuingiza imefungwa juu ya ile ya kutolea moshi, ili joto la moshi lisaidie petroli kugeuka mvuke. Ni wazo zuri, lakini lina gharama yake: upande mmoja unaungua, mwingine umepoa, na hivyo kila siku kwa miaka hamsini. Ongeza fundi aliyekaza nati moja kuliko nyingine. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka.

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, karibu na silinda ya sita. Unaweza kusema si kitu. Lakini injini ya petroli inataka hewa kama kilo 15 kwa kila kilo ya petroli, na kazi ya kabureta ni kulinda uwiano huo. Hewa inayopenya kwenye ufa haijapita kwenye kabureta. Haijahesabiwa. Matokeo yake lori halishiki silensa ukiondoa mguu kwenye mafuta, linapiga chafya kupitia kabureta, na mlimani linakosa nguvu.

Sasa sikilizeni lililofanyika. Gereji ya kwanza (siitaji) walipaka gundi ya kuchanganya, ile ya tyubu mbili. Ikakaa wiki tatu. Wakapaka tena. Mara ya tatu hawakugusa hata ufa, wakafungua kabureta na kuongeza petroli. Lori likatulia, mjomba akalipa, akaondoka anashukuru.

Wiki chache baadaye injini ikaanza kugonga na kupoteza nguvu kabisa. Nilipoonyeshwa plagi, hata mimi niliyesoma uandishi nilielewa. Tano zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, maana zilikuwa zinalewa petroli. Ya sita ilikuwa nyeupe kama chokaa, maana yenyewe ilikuwa inakunywa hewa na kuchemka. Valvu yake ya kutolea moshi ilikuwa imeungua, imeliwa pembeni kama biskuti.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Uza chuma chakavu! Funga injini ya dizeli ya Isuzu! Hilo la pili si ushauri wa kijinga, wengi wamefanya na wanakula vizuri. Ila mwenye pesa za kununua injini, kubadili mikono yake na gia boksi, hahitaji kushauriwa chini ya mwembe.

Mimi nikaifunga ile manifoldi kwenye gunia, nikaja nayo Dar, nikaipeleka Gerezani kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Akaigusisha sumaku, ikashika. Akaifuta kwa mafuta ya taa, akaweka rula juu ya nyuso zake akitazama mwanga unaopita chini. Kisha akaniuliza swali ambalo Morogoro hakuna aliyeuliza: "Unataka irudi barabarani, au unataka ikufikishe nyumbani?"

Kazi yake niliisimamia mwanzo mpaka mwisho. Kwanza alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Akauchimba ufa uwe mfereji. Akaipasha moto manifoldi nzima taratibu, siyo pale penye ufa tu, kisha akaijaza kwa vijiti vya shaba kwa moto wa gesi. Shaba hiyo inayeyuka kabla ya chuma chenyewe kuyeyuka, kwa hiyo unagandisha bila kuchemsha kidonda. Halafu akaifukia kwenye jivu, akaniambia nirudi kesho. Ukiipoza kwa haraka inapasuka pembeni ya ulipotengeneza. Kesho yake ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa nyuso, maana moto huwa unaipinda.

Masharti aliyonipa ya kufunga: gasketi mpya, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, na zirudiwe injini ikishapata moto na kupoa.

Sasa msimamo wangu. Tunapenda kusema mafundi wetu ni wababaishaji. Wapo. Lakini mzee wa Gerezani hana siri, ana bei. Kazi yake ilizidi bei ya gundi mara nyingi, lakini haikufikia jumla ya gundi mara mbili, petroli iliyomwagika, valvu na wiki ambazo utingo alilala bila posho. Mjomba, kama wengi wetu, alikuwa anauliza swali moja tu akifika gereji: bei ya chini ni ngapi? Ukiuliza hivyo, gundi ndiyo jibu sahihi. Fundi amekupa ulichoomba.

Sisemi kila kitu kikarabatiwe. Kama masikio ya kufungia nati yamevunjika, au kipande kimeshachomelewa mara kadhaa, au kimepinda kuliko kinavyoweza kusawazishwa, tafuta kingine. Kiwandani hakuna tena, General Motors iliachana na malori hayo kwenye miaka ya 1980. Utakata kwenye lori lililokufa, au umpate mtu wa kukuletea kutoka Pakistan, ambako Bedford bado yanapakwa rangi na kubebeshwa mizigo. Ukikata, nenda na rula na sumaku. Usinunue ufa wa mwenzako.

Nilimwuliza yule mzee anamfundisha nani. Akaonyesha kiti kitupu. Kijana aliyekuwepo ameondoka, anaendesha bodaboda, kwa sababu wateja wa kazi kamili ni wachache. Hilo linanitisha kuliko ule ufa. Na wateja ni mimi na wewe.

Bedford linatembea, linashika silensa. Mjomba alinipigia jana nilisikie kwenye simu. Alikuwa anacheka.

Nawasilisha.