Kutoka Kikatiti hadi Chemka: wikiendi niliyocheka mdomo wazi

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza sehemu ya kwenda na mwenzi wako wikiendi bila kuumiza mfuko, mbali na zile hoteli za ufukweni ambazo juisi moja tu inakufanya uanze kuhesabu siku za mshahara. Haya, leo twende Chemka. Ila nawaonya mapema: safari hii ilianza kwa kununiana.

Tuanzie kwetu. Mimi ni mtoto wa Kikatiti, pale kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, ukisimama kando ya lami upande mmoja una Mlima Meru, mita 4,566, na upande wa mawio una Kilimanjaro, mita 5,895. Nyie wa Dar mnapanda basi kutwa nzima kuifuata hiyo picha, sisi tunaiona tukienda kununua mkate.

Nimeisifia sana milima hiyo kwa mchumba wangu tangu tuanze uhusiano. Kumpeleka sasa! Miaka miwili nilikuwa na sababu: kazi nyingi, mvua, nauli imepanda, mbwa wa nyumbani mkali. Sababu yenyewe iko mdomoni mwangu. Nina meno ya kahawia.

Waliotoka Arumeru wameshanielewa. Kwa wengine, niwaeleze kidogo. Meru ni volkano, mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910, na miamba yake inayaachia maji madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kwetu vyanzo vingi vinapita hapo kwa mbali, na kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kwa maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu ukikataza maji hayo uwape watu nini? Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka na madoa, mengine kahawia kabisa. Na usifikiri kuchemsha kunasaidia. Ukichemsha ndiyo unazidi kuyakoleza. (Wewe mtu mzima ukinywa kikombe cha chai ukweni meno yako hayabadiliki, kwa hiyo usije ukamkatalia mama mkwe chai ukasema umesoma kwangu.)

Basi toka sekondari nimejifunza kucheka kwa adabu, mkono mdomoni. Shuleni Dar waliniita majina ambayo sitayaandika. Mchumba wangu aliwahi kuniambia anaupenda huo mkono, eti nina aibu za kike. Nikamwacha aamini hivyo.

Safari hii sikuwa na pa kutokea. Wazee walitaka kumwona kabla ya barua ya posa. Tukatoka Dar Ijumaa alfajiri na gari ya kuazima, tukafika giza limeshaingia. Yeye akaenda kulala gesti Usa River, maana kwetu mtu ambaye hajatoa mahari halali chini ya paa la mkwe, hata kama ni mhasibu wa benki.

Jumamosi asubuhi akaja kunichukua. Njiani alikuwa amepita ule mto wa Maji ya Chai, akaja anashangaa kwamba kumbe jina si utani, maji yana rangi ya chai ya mkandaa kweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje huko? Karibu ndani."

Tukapewa loshoro. Pembeni alikaa mtoto wa kaka yangu, miaka sita, pengo mbele. Mchumba wangu akamtania kuhusu pengo lake, mtoto akacheka, na alipocheka akafunika mdomo kwa kiganja. Vilevile ninavyofanya mimi. Kidole gumba shavuni, kichwa kimeinama kidogo.

"Kwa nini unajificha?" mchumba wangu akamuuliza.

"Shangazi anachekaga hivi."

Wapenzi, ile loshoro iligoma kupita kooni. Yule mtoto hana doa hata moja! Mama amemlea kwa maji ya mvua tu, yanakingwa kwenye bati na kuhifadhiwa kwenye simtanki, kwa sababu maji ya mvua ndiyo hayana shida hiyo. Akitaka kunywa ni simtanki, akipikiwa uji ni simtanki, na magadi kwenye makande yake mama alishayapiga marufuku, maana nayo yana floraidi. Wapo pia wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa, utaalamu ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na kwetu. Kila asubuhi mama anamfungua mjukuu mdomo kama anayenunua ng'ombe, kuangalia jino la ukubwani linatoka na rangi gani.

Kwenye gari nikabwatuka. Nikamwambia mchumba wangu kwamba nina milioni moja na nusu nimeificha, ya kwenda kufunikwa meno ya mbele kabla ya harusi, ili picha zitoke vizuri. Nilidhani atanionea huruma. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo vikao vyote vile tunahangaika na michango, tunahesabu mpaka kreti za soda, wewe una pesa unanificha?" Nikamjibu meno ni yangu. Akasema sawa, meno ni yako, na mimi ni wa nani? Toka King'ori mpaka njia panda ya KIA hakuna aliyefungua mdomo. Kilimanjaro ilikuwa wazi kabisa mbele yetu, na hakuna aliyeisifia.

Sasa maelekezo, maana najua mnayasubiri. Ukitoka Kikatiti fuata lami kuelekea Moshi mpaka Boma Ng'ombe. Hapo Sanya Juu iko kushoto, wewe kata kulia, kusini, njia ya kwenda Rundugai. Lami inaisha, vumbi linaanza. Kama huna gari, panda Hiace za Moshi ushuke Boma, halafu uchukue bodaboda, ila mpatane bei ya kwenda na kurudi kabisa. Wakati wa masika ulizia hali ya njia kwanza. Unapita nyika kavu, migunga, mbuzi wa Wamasai, jua kali, mpaka unaanza kujilaumu. Ghafla kuna kichaka cha miti mikubwa ya kijani kama kimeangushwa kutoka nchi nyingine, na chini yake maji.

Jina linadanganya. Watu wanaita Chemka, wengine Maji Moto, lakini maji hayachemki, ni ya uvuguvugu tu, kama ya mtoto kuoga. Kinachochemka ni ile mibubujiko, maji yanayosukumwa kutoka chini ya ardhi, na ni maangavu kiasi kwamba unaona kokoto chini kabisa, rangi ya bluu kuelekea kijani. Yakitoka hapo yanaingia mto Kikuletwa, yanakwenda mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Mizizi ya mikuyu imening'inia mpaka majini. Kaa ukingoni uweke miguu na samaki wadogo watakuja kukudonoa ngozi iliyokufa. Kule mjini kuna watu wanalipia hiyo huduma!

Chukua kitenge cha kubadilishia, ndala, na chakula chako. Wahi asubuhi, ikiwezekana siku ya kazi, maana Jumamosi na Jumapili kunajaa muziki na watu. Kuna kina kirefu, kama hujui kuogelea kaa kwenye mizizi. Sitanii.

Na kuna kamba. Imefungwa kwenye tawi, unaishika, unabembea, unajiachia katikati. Mchumba wangu alikwenda wa kwanza, akaanguka kama gunia la mahindi, na mimi nikajikuta nacheka, mkono mdomoni kama kawaida. Akaibuka, akaniona.

"Zamu yako," akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza toka KIA.

Nikashika kamba. Ile kamba, wapenzi, inataka mikono miwili. Nilipoachia ukingo nikapiga kelele, kelele ikageuka kicheko, na sikuwa na mkono wa kuufunika. Nikapita juu ya maji na meno yangu yote nje, mbele ya vijana wa Moshi, Wazungu wenye kamera, na mchumba wangu, ambaye alikuwa ameshatoka majini na kuchukua simu yake.

Alinionyesha picha baadaye tukiwa tunakula mayai ya kuchemsha. Hakusema nimependeza, na nilishukuru, maana nisingemwamini. Alisema, "Huyu simjui. Nani huyu?" Kisha akaniomba radhi kwa maneno ya garini, nami nikamwomba radhi kwa milioni na nusu. Hatujaamua nini cha kufanya nayo. Yeye anasema nikitaka kufunika meno nifunike, ila tuongozane kwa daktari. Mimi siku nyingine nataka, siku nyingine sitaki, na picha za harusi zinakaribia.

Jioni, tukiwa bado Boma tunasubiri mishikaki, niliituma ile picha kwa kaka amwonyeshe mama. Haikupita nusu saa mama akapiga. Kuhusu picha hakugusia hata neno. Aliniambia mtoto jino limeshachungulia.

"Jeupe?" nikauliza.

"Kwani kwenye simtanki nimeweka chai?"