Manjano na Wanaoyatembeza

Manjano hukaangwa katika mafuta, na mama wa pwani hakungoja profesa amwambie hivyo. Kukumini, kiini chake cha rangi, haiyeyuki vizuri majini, huyeyuka mafutani. Jiko liliitangulia maabara, nalo lastahili heshima. Aibu ni ya wanaolisaga tunguu lile lile, wakalitia chupani na kulinadi kuwa kinga ya uzee.

Uzee huja na mchochota, uvimbe wa chini kwa chini usiokoma, ambao Mwitalia Claudio Franceschi na wenzake waliupa jina mwaka 2000, na ambao watembezaji hudai kuwa manjano huutuliza. Kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa bila dawa, hilo halina ubishi. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watembezaji hawa migongo yao haipindi. Kukumini ni sehemu ndogo tu ya manjano makavu, na ikimezwa hupita tumboni karibu yote bila kufika kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini, ukali wa pilipili manga, huzidisha ufyonzwaji wake mara 20. Basi “mara 20” ikabandikwa kwenye kila chupa, kana kwamba kidogo mno kikizidishwa mara 20 hugeuka kingi! Kinachotuliza chembe hai ndani ya kisahani cha maabara si lazima kitulize goti la bibi. Wanakemia wa Marekani waliopitia majaribio zaidi ya 120 walihitimisha mwaka 2017 kwamba hakuna hata moja lililofaulu kati ya yale ambayo mgonjwa na daktari wote hawakujua nani kapewa dawa na nani kapewa kiinimacho.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kutoka barua ya kasisi Edward Stone wa Uingereza juu ya gome la mti la kutuliza homa, 1763, hadi asipirini ya 1897, ilipita miaka 134. Watafiti wavumilivu wapo, tena hawapigi kelele: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na rangi je? Mnunuzi apendaye manjano ya kung'aa naye hana budi kukemewa, kwani ndiye aliyewafunza wasagaji wa Bangladesh kutia kromati ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Serikali ilipotoza faini hadharani, sampuli za sokoni zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021.