Bunduki iliyoungwa nyumbani: Nambari ndogo inayozigawa Marekani na nchi jirani

Katika nyumba nyingi za Marekani, gereji si mahali pa kuegesha gari tu. Ni karakana ya mwenye nyumba, yenye meza ya kazi, bisibisi, nyundo na keekee. Mwisho wa juma wapo wanaotengeneza viti, wapo wanaofufua pikipiki za zamani, na wapo wanaounga bunduki. Mtutu hununuliwa duka moja, kitako duka jingine, na vipande vidogo vya chuma huletwa kwa posta. Kwa mtu anayeunga bunduki yake ya kwanza, kazi hiyo ni burudani, na akiimaliza hupata fahari ileile anayoipata seremala aliyemaliza meza yake ya kwanza.

Kwa wakazi wa ukanda wa Maziwa Makuu, habari hiyo husikika kama kisa cha ajabu. Kijana wa Mwanza, Kisumu au Mbarara atakayekutwa na mtutu na kitako sebuleni hataulizwa kuhusu burudani yake. Ataulizwa leseni, na akikosa jibu atafikishwa mahakamani. Hata hivyo, mjadala unaoendelea Marekani kuhusu bunduki hizo una uhusiano wa karibu na jambo ambalo serikali za ukanda huu zimekuwa zikihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 20: jinsi ya kujua bunduki imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani.

Sehemu moja ndiyo bunduki

Msingi wa yote ni Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson miezi michache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Seneta Robert Kennedy. Sheria hiyo iliwataka watengenezaji na waagizaji wenye leseni kuipiga kila bunduki chapa ya nambari ya utambulisho. Lakini bunduki ina vipande vingi, na kuchapa nambari kwenye kila pini kusingewezekana. Kwa hiyo sheria ilichagua kipande kimoja, yaani mwili wa kati unaoshika vipande vingine, na kukihesabu kuwa ndicho bunduki yenyewe. Anayenunua kipande hicho dukani huchunguzwa rekodi yake kama anayenunua bunduki kamili. Vipande vingine, mtutu ukiwemo, huuzwa kama vipuri vya kawaida.

Mpangilio huo ulikutana na historia ya bunduki moja. AR-15 ilibuniwa na kampuni ya ArmaLite katika miaka ya 1950, kisha haki zake zikauzwa kwa Colt mwaka 1959. Hataza ilipokwisha muda wake mwaka 1977, mlango ulifunguka kwa viwanda vingine kutengeneza bunduki na vipande vya muundo uleule. Matokeo yake ni soko kubwa ambamo mtutu wa kampuni moja huingia bila shida kwenye mwili uliotengenezwa na kampuni nyingine. Burudani ya kuunga bunduki nyumbani ilistawi juu ya soko hilo.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu anayenunua mwili wenye nambari kwa muuzaji mwenye leseni, akachunguzwa, kisha akaunga vilivyobaki nyumbani, ana bunduki inayojulikana kisheria. Mgogoro uko kwingine: kwenye mwili ambao haujakamilika, unaouzwa ukiwa umebakiza kazi kidogo. Kwa miaka mingi wauzaji walidai kwamba kipande hicho si bunduki bado, hivyo hakihitaji nambari wala uchunguzi wa mnunuzi. Sheria ya taifa nayo humruhusu mtu asiyekatazwa kumiliki silaha kujitengenezea bunduki kwa matumizi yake mwenyewe, bila leseni na bila kuichapa nambari. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, zilizaliwa silaha ambazo polisi wa Marekani huziita bunduki za mizimu.

Takwimu na vifo

Hoja ya wapenda bunduki si ya kupuuzwa. Wanakumbusha kwamba Wamarekani walikuwa wakijitengenezea silaha kabla ya taifa lao kuzaliwa, na kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya raia kuwa na silaha. Wanasema pia kwamba mhalifu ana njia nyingi rahisi za kupata bunduki, na kwamba mtu anayetumia siku zake za mapumziko akisugua chuma kwa tupa si yule anayekwenda kuiba usiku.

Polisi, kwa upande wao, huweka takwimu mezani. Mwaka 2017 bunduki zisizo na nambari zilizowasilishwa kwa serikali kuu ili zifuatiliwe zilikuwa takriban 1,600. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Nyingi kati yake zilikutwa katika matukio ya uhalifu, na juhudi za kuwapata wamiliki wake kwa sehemu kubwa hazikufua dafu.

Nyuma ya takwimu hizo wapo watu. Mwezi Novemba 2017, katika eneo la Rancho Tehama kaskazini mwa California, mwanamume ambaye mahakama ilikuwa imemzuia kuwa na silaha aliwaua watu watano, mke wake akiwa mmoja wao. Wachunguzi walisema bunduki mbili kati ya zile alizotumia zilikuwa zimeundwa nyumbani kinyume cha sheria. Kwa mtu wa namna hiyo, sanduku la vipande lilikuwa njia ya kuupita mlango ambao duka lingemfungia.

Mahakama ya Juu yaamua

Serikali ya Rais Joe Biden ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kanuni iliyoanza kutumika Agosti 2022. Ilieleza kwamba sanduku la vipande linaloweza kugeuzwa kuwa bunduki kwa urahisi ni bunduki mbele ya sheria. Anayeliuza lazima awe na leseni, achape nambari na amchunguze mnunuzi. Wauzaji na wapenda bunduki walikwenda mahakamani wakidai kwamba serikali imejitungia sheria ambayo Bunge halikuipitisha.

Tarehe 26 Machi 2025, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kwa kura saba dhidi ya mbili, ikiiunga mkono kanuni hiyo. Hukumu iliandikwa na Jaji Neil Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Rais Donald Trump. Majaji Clarence Thomas na Samuel Alito walipinga. Kwa wengi hoja ya mahakama ilikuwa ya lugha zaidi kuliko ya siasa: kitu kinaweza kuitwa kwa jina lake hata kabla hakijakamilika, mradi kusudi lake linaonekana wazi na kazi iliyobaki ni ndogo.

Hata hivyo, uamuzi huo una mipaka. Mahakama haikusema kwamba kila kipande cha chuma au plastiki ni bunduki. Ilikataa tu dai kwamba kanuni nzima ni batili. Wapi hasa mstari upite ni suala litakalorudi mahakamani. Aidha, kanuni ni kazi ya serikali iliyopo madarakani, na serikali nyingine inaweza kuibadilisha. Mwezi Februari 2025, wiki chache kabla ya hukumu, Rais Trump alikuwa tayari ameagiza kanuni za silaha zilizowekwa na mtangulizi wake zipitiwe upya.

Magobore na Itifaki ya Nairobi

Katika ukanda huu, bunduki ya kuundwa kwa mikono si jambo geni. Nchini Tanzania inajulikana kwa jina la gobore, na kwa muda mrefu imekuwa silaha ya wawindaji wa vijijini na pia ya majangili. Hufuliwa na wahunzi, mara nyingine kwa bomba la chuma na mbao za kawaida. Polisi wamekuwa wakiwataka wananchi wayasalimishe, na picha za magobore yaliyopangwa mbele ya kamanda wa mkoa si ngeni kwa wasomaji wa magazeti.

Tofauti na Marekani ni kwamba hapa sheria haikuacha nafasi ya burudani. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inahesabu kuwa utengenezaji haramu si tu kufua bunduki bila leseni, bali pia kuiunga kutokana na vipande vilivyopatikana kwa magendo, na kuitengeneza bila kuipiga chapa. Swali lililowachukua majaji wa Washington miaka kadhaa, kwa wanachama wa Itifaki lilikwisha kujibiwa kwenye karatasi. Kituo cha kusimamia utekelezaji wake, RECSA, kilianzishwa Nairobi mwaka 2005, na miongoni mwa kazi zake ni kuzisaidia nchi wanachama kuzipiga chapa bunduki, zikiwemo za polisi na majeshi.

Lakini karatasi ni jambo moja na bohari ni jingine. Sehemu kubwa ya silaha haramu katika ukanda huu hazikuundwa na mhunzi wala mpenda bunduki. Zilitoka viwandani zikiwa na nambari kamili, zikapita katika vita vya Kongo, Burundi, Uganda, Sudan na Somalia, na kumbukumbu zake zikapotelea njiani. Nchini Uganda, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi Juni 2018, Rais Yoweri Museveni alitaka bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake ili risasi iliyofyatuliwa iweze kuhusishwa na bunduki iliyoifyatua.

Hapo ndipo penye funzo kwa pande zote mbili. Nambari iliyochapwa kwenye chuma haisemi lolote kama hakuna daftari la kuisomea. Marekani yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1986, imeikataza serikali kuu kuwa na orodha ya taifa ya wamiliki wa bunduki. Mpelelezi huanza kwa kiwanda, kiwanda humtaja msambazaji, msambazaji humtaja mwenye duka, na mwenye duka hufungua kumbukumbu zake kumtafuta mnunuzi wa kwanza. Ni njia ndefu, lakini ina mwanzo. Kwa bunduki isiyo na nambari, hata mwanzo huo haupo. Na kwa bunduki yenye nambari iliyopotea katika nchi isiyo na kumbukumbu, mwanzo upo lakini njia imekatika.

Teknolojia haisubiri. Mashine za kuchapa vitu vya plastiki zimeshaonekana zikitumika kuunda bunduki, ikiwemo Myanmar, ambako wapiganaji wanaoupinga utawala wa kijeshi ulioingia madarakani mwaka 2021 wamepigwa picha wakiwa nazo. Mashine kama hizo zinapatikana pia katika vyuo na karakana za Afrika Mashariki, ambako hutumika kwa kazi za halali na zenye manufaa makubwa.

Kwa serikali za ukanda huu, maneno ya Itifaki yanatosha kumhukumu atakayezitumia vibaya. Ambacho maneno hayatoshi kukifanya ni kuijaza ile safu ya daftari inayopaswa kuonyesha kila bunduki ya serikali iko ghala gani usiku huu, na nani aliyeichukua mara ya mwisho.